Ganda la Kahawa Shavuni

Nyakakika, Jumapili 14 Machi 1954

Masika imeingia leo, na mama mkwe ameingia nayo. Sijui niandike kipi kwanza.

Nilitoka misa nimeshika viatu mkononi kwa ajili ya tope, nikakuta ng'ombe tisa wamejaa kati ya zahanati na jiko langu. Mmoja alikuwa analamba mlango wa chumba cha dawa. Nikapaza sauti, "Ala! Nani amegeuza zahanati kuwa zizi?" Ndipo nikaona machela nyuma yao, na wanaume wanne, na blanketi, na chini ya blanketi mama mzazi wa mke wangu. Niliruka nyuma ya pipa la maji kama mwizi wa kuku.

Atakayesoma daftari hili, kama si mtu wa huku, na aelewe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hamtaji jina, na yeye vivyo hivyo. Nina miaka sita na Komujuni, na cha mama yake nilichowahi kukiona ni kisigino tu, kikiingia ndani haraka. Jina lake ni Kyarimpa. Kuandika si kutaja, nadhani.

Muhangi, kaka wa mke wangu, alinifuata nyuma ya pipa.

"Shemeji, koo limemfunga. Hata maziwa yanapita kwa shida. Anaumwa usiku na mchana, na hasemi."

"Na hawa ng'ombe?"

"Amekataa kuja bila wao."

"Nao wanaumwa koo?"

Hakucheka. Watu wa ng'ombe hawana mzaha na ng'ombe. Mimi ni Placidius Rweyemamu, mwana wa migomba kutoka Muleba, dresa wa zahanati hii, na mahari nililipa kwa magunia ya kahawa na baiskeli moja mpya. Mpaka leo nasikia wananicheka kwa hilo.

Tumemweka katika kibanda nyuma ya jiko. Muhangi amekigawa kwa ukuta wa matete. Upande wa ndani ni wa mama na Komujuni, upande wa mlangoni kuna kigoda changu. Nikikaa pale nasikia pumzi yake, pumzi ya mtu anayepanda mlima na mzigo.

Jumatatu 15 Machi

Mvua. Wagonjwa wawili. Ng'ombe tisa.

Jumatano 17 Machi

Daktari wa Serikali alipita akielekea mpakani. Alimmulika mama kooni kwa tochi, akatoka akifuta mikono kwa muda mrefu. Uvimbe umeota mizizi. Haukatiki, hata huko Bukoba. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Akanipa kichupa cha vidonge vidogo vya mofia, vya kuyeyusha kwenye maji na kuchoma kwa sindano, maana kumeza hawezi. "Wewe ndiye dresa," alisema. "Mchome asubuhi na jioni." Gari likaondoka likiturushia tope.

Nimchome nani! Nimfunue mama mkwe bega, nimshike nyama? Afadhali aniagize nikamchome askofu. Na mwenye kuchoma mwingine hayupo, msaidizi wangu alihamishwa tangu Januari. Nikamfundisha Komujuni, mimi nikiwa nje ya matete: chemsha, vuta, bana ngozi, ingiza. Aliingiza kwa nguvu mno, sindano ikagonga mfupa ikapinda. Mama hakulia. Alisema taratibu, kwa Kinyambo, kwamba hata kupe wa kwao wana adabu kuliko kitu kile, na kwamba hatachomwa tena.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Muhangi huku akitazama chini. "Tangu mavuno yaliyopita anaumwa, hakutwambia."

Kichupa kiko mfukoni mwangu. Dawa ninayo, maumivu nayasikia, na katikati ni matete tu. Nimeona uchungu sana leo.

Alhamisi 18 Machi

Nilikumbuka mwalimu wetu wa chuoni alisema vidonge vya namna hii vinaweza kuwekwa chini ya ulimi. Komujuni akaweka. Ukali wa dawa ukavuta mate, mate yakajaa, mama hawezi kumeza, akakohoa, kidonge kikaishia kwenye kanga. Nilimfokea Komujuni kana kwamba mate yalikuwa yake. Baadaye nikamwomba radhi. Alisema nimwombe radhi na yule ng'ombe niliyempiga teke asubuhi.

Jumapili 21 Machi

Nimeona, au tuseme nimesikia, jambo zuri.

Jioni Muhangi huwasha moto wa moshi zizini ili kufukuza nzi. Ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, wanasimama nje ya boma katika ukungu, hawaingii. Wanasubiri. Ndipo mama, humo ndani alimolala, anawaita mmoja mmoja: Bihogo. Gaju. Kitare. Siina. Mayenje. Kyasha. Rugondo. Kiroko. Kyozi. Kila aliyetajwa anatoa kichwa kwenye ukungu, anaingia, anasimama mahali pake. Mpangilio ni huo huo kila siku, na Kyozi mweusi ndiye wa mwisho.

Lakini leo alikatika mara tatu. Baada ya Kitare alikaa kimya mpaka nikadhani amezimia, kumbe alikuwa anangoja maumivu yapite. Ng'ombe nao walingoja. Moshi ulilala juu ya migongo yao, mvua ya rasharasha ikawa inashuka bila sauti, na mimi nikajikuta nangoja pamoja nao, na mdomo wazi.

"Ataacha kuwaita lini?" nilimuuliza Muhangi.

"Siku atakayoshindwa kuwaita," alisema, "atakuwa ameshakwenda, hata kama anapumua. Mwenyewe ameniambia. Anaogopa hiyo siku kuliko kaburi."

Jumatatu 22 Machi

Nimeazimia. Mofia siigusi mpaka niijue njia. Ninajaribu kwa kwinini, kwa kuwa ninayo nyingi na uchungu wake haudanganyi mtu. Ikikaa shavuni na ulimi usisikie kitu, basi mate hayajaichukua. Leo nimeichanganya na samli nikaibandika kati ya shavu na ufizi. Samli ikayeyuka, ikateleza hadi kooni. Nilitema mate mpaka wagonjwa wakaniuliza nani kaniloga.

Jumatano 24 Machi

Ulimbo wa mgunga, nimeuponda na kuulainisha kwa asali. Unanata shavuni vizuri kabisa. Lakini upande wa ulimi mate yanaulamba, na uchungu ni ule ule. Ukungu haujaondoka bondeni tangu asubuhi.

Alhamisi 25 Machi

Ulimbo mwingi zaidi. Nimeshindwa kufungua mdomo kwenye rozari.

Jumamosi 27 Machi

Mzee Ndyamukama, katekista wetu, alikuja kumjulia mama hali. Komujuni akamletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama mgeni yeyote anavyopewa: buni zilizochemshwa na majani ya harufu, zikakaushwa mpaka zikawa nyeusi. Nami nikachukua moja. Tuliongea, mvua ikaongea kutuzidi, mzee akaenda zake.

Jioni nachokonoa meno nikakuta nusu ya ganda la ile buni bado imo shavuni. Imekaa tangu mchana na sikuwa na habari! Imelala pale kama kibakuli kilichofunikwa, mgongo kwa ulimi, mdomo kwa shavu. Nikaitoa nikaitazama kiganjani. Ndani ilikuwa kavu karibu yote.

Waitu! Nimezaliwa chini ya mti wa kahawa, nimelelewa na bibi mwenye buni shavuni hata akilala, halafu naenda kuhangaika na miiba ya migunga!

Jumanne 30 Machi

Nimefanya hivi. Nimechukua nusu ya ganda, nimelisugua kingo juu ya jiwe zisikwaruze. Ndani nimetia kwinini iliyokandwa kwa ulimbo na asali. Nimelibandika juu ya ufizi wa nyuma, mdomo wa ganda ukitazama shavu. Nikapima wagonjwa, nikafunga vidonda, nikala ndizi kwa upande mmoja. Ulimi haukuonja uchungu hata kidogo.

Nikaogopa: je, kama haionjwi kwa sababu haitoki? Lakini saa kumi masikio yakaanza kuvuma, ule mvumo wa mtu aliyekunywa kwinini, kama nyuki ndani ya mzinga wa mbali. Imepita! Imepita katika ngozi ya shavu bila kumezwa! Nilitoka nje kwenye mvua nikacheza peke yangu. Komujuni alisimama mlangoni na mwiko. "Unasikia ngoma gani?" Nikamwambia, "Ya ndani."

Alhamisi 1 Aprili

Leo nimefanya kosa ambalo sitalirudia. Kabla ya kumpa mama nilitaka nijue mwenyewe. Nimetia nusu ya kidonge cha mofia katika ganda, nikajiwekea, nikakaa barazani. Zahanati nilishaifunga.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha mvua ikaacha kunyesha juu ya paa letu, ikawa inanyesha mahali pengine, kwa watu wengine, na mimi nimesimuliwa tu. Magoti yangu yalikuwa mbali. Ng'ombe walipita mbele yangu polepole sana, kila mmoja amebeba ukungu wake, na pembe zao zilikuwa ndefu mpaka Muleba, na huko mwisho wa pembe mama yangu alikuwa anaanika kahawa. Sikuwa na haja na kitu chochote duniani. Niliwahurumia watu wenye haja.

Nikajiambia, hebu nihesabu ndugu zangu. Melkiory. Eugenia. Anatory. Xaveria. Nikarudia. Melkiory, Eugenia, Anatory, Xaveria. Niliona wamekamilika, nikafurahi.

Usiku huu, dawa ilipoanza kuisha, ndipo nikakumbuka. Nilimsahau Kemirembe, kitinda mimba wetu, aliyefia mgongoni kwangu tukimpeleka misheni, mvua kama hii. Nimelia. Marehemu ana nyumba gani nyingine kama si vichwani mwetu? Na mimi nilimfungia mlango huku natabasamu.

Sasa najua hofu ya mama mkwe ni hofu gani. Dawa hii huondoa maumivu na huondoa majina, na mikono yake yote miwili ni laini.

Ijumaa 2 Aprili

Robo ya kidonge, katika ganda. Komujuni alimwonyesha. Mama aliligeuza kiganjani, akauliza, "Hii nitafune?" Nikajibu kupitia matete, "Usitafune, Mama. Liache lilale." Akasema hajawahi kupewa kahawa ya kivivu namna hii. Akaliweka shavuni mwenyewe. Hakuna aliyemgusa.

Jioni nilikaa kwenye kigoda na daftari. Kipimo nimekipata: ng'ombe wenyewe. Akikatika katikati, maumivu yapo na dawa ni kidogo. Akiruka jina, dawa imezidi. Leo: majina tisa, amekatika mara moja.

Jumamosi 3 Aprili

Robo na kidogo. Tisa, bila kukatika. Amelala!

Jumapili 4 Aprili

Tisa.

Jumatano 7 Aprili

Tisa. Barabara ya Kayanga imekatwa na maji.

Jumatatu 12 Aprili

Tisa. Ndizi za jirani zimeanguka kwa upepo. Nimekata maganda ishirini, nimekuwa fundi sasa, nayakata huku nasinzia.

Jumapili 18 Aprili, Pasaka

Tisa, kwa sauti ya msichana.

Baada ya kuita alisema kupitia matete, "Mkwe." Kusema kupitia ukuta kunaruhusiwa, ila hakuwahi kuanza yeye.

"Naam, Mama."

"Ile baiskeli uliyotuletea. Ipo?"

"Muhangi anaiendesha, Mama."

"Mwaka wa sita huu. Imezaa?"

Komujuni upande wa pili alikuwa ameziba mdomo, nilimsikia.

"Baiskeli haizai," alisema mama mkwe. "Nilimwambia baba yao. Nilimwambia, huyu mtu wa ndizi atatuletea chuma." Nilimsikia akigeukia upande wangu. "Lakini nalala, mkwe. Nalala na naamka na wapo wote."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo ili nisiyapambe.

Jumamosi 24 Aprili

Nane. Hakumtaja Kyozi.

Jumapili 25 Aprili

Nane. Bihogo mpaka Kiroko, sawasawa, kisha kimya. Kyozi alisimama nje kwenye mvua, tumbo limemjaa mimba, akitazama mlango. Muhangi alimwingiza kwa fimbo.

Imeanza, basi. Mikono laini imefika. Nimepunguza dawa: robo kamili.

Jumatatu 26 Aprili

Nane. Sauti ina mikwaruzo. Nimepunguza tena, nusu ya robo. Afadhali aumwe kidogo kuliko apotee. Najiambia hivyo.

Jumanne 27 Aprili

Nane. Amekatika mara nne. Komujuni haongei nami. Mvua haijaacha hata kidogo, naisikia hata ndani ya chai.

Jumatano 28 Aprili

Nina hasira, na hasira ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Asubuhi Muhangi alikuwa anamkamua Siina. Aliniita. "Shemeji, dawa imekwisha?"

"Ipo. Nimeipunguza."

Akaacha kukamua. "Umeipunguza? Mama tangu juzi anang'ata kona ya blanketi."

"Inamfuta akili, Muhangi! Jioni nne sasa hamtaji Kyozi. Wewe ndiye uliyeniambia anaogopa nini."

Alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. "Nani kakwambia amemsahau?"

"Nahesabu kila jioni."

"Wewe na kuhesabu kwako! Katika ukoo wetu, ukishamtoa ng'ombe moyoni mwako, humwiti tena. Atamwita aliyepewa. Na husemi umempa nani mpaka siku atakapozaa. Kyozi ametolewa. Kila mtu humu ndani anajua isipokuwa wewe na kalamu yako."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza?"

Kuuliza si ujinga, nilifundishwa darasa la kwanza. Miaka sita nimeishi na watu hawa nikiwacheka kimoyomoyo na ng'ombe wao, na sikuwahi kuuliza jambo moja. Nilifanya masikio yangu kuwa mzani, na mzani wenyewe haukujua unapima nini. Siku tatu nzima nimemtesa mgonjwa mwenye akili timamu kwa sababu alikuwa anatoa zawadi!

Sikunawa hata mikono. Nilijaza ganda kwa kipimo cha zamani na kidogo zaidi, Komujuni akaninyang'anya akaingia nalo. Mimi nikakaa kwenye kigoda, paji la uso juu ya matete.

"Mama, nisamehe. Nilidhani dawa imekuzidi. Nilidhani umemsahau Kyozi."

Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa.

"Nami nilidhani imekwisha," alisema. Sauti ilikuwa uzi. "Nikasema, mkwe wangu anakamua kibuyu kikavu. Nisimwaibishe kwa kuomba."

Alikuwa ananistahi, nami nilikuwa namstahi, na heshima yetu yote ilikuwa imekaa juu ya koo lake. Nimelia pale pale, bila kujificha. Matete hayazuii sauti ya mwanamume mzima akilia. Alisubiri nimalize.

"Mkwe," akasema, "ukitaka kujua kama nipo, niulize."

Alhamisi 29 Aprili

Nane, bila kukatika. Kisha nikauliza, "Mama, uko wapi?"

"Niko mlangoni. Naona moto."

Kipimo ni sawa.

Jumapili 2 Mei

"Mama, uko wapi?"

"Mtoni na dada zangu. Lakini nakusikia, na ugali unaungua huko jikoni."

Kweli ulikuwa unaungua.

Jumatano 5 Mei

"Uko wapi?"

"Juu ya mlima, jua la asubuhi. Usiniite tena leo." Nimepunguza kidogo sana, baada ya kumuuliza.

Jumapili 9 Mei

Kyozi amezaa, ndama jike, mweusi, na nyota nyeupe kwenye paji.

Mama alituita wote. Mimi kwenye kigoda, Muhangi amesimama mlangoni na maziwa ya kwanza. Mama alisema kwa pumzi fupi fupi, "Baiskeli haizai. Mkwe, chukua kinachozaa. Kyozi ni wako, na kilichomfuata ni chako. Ni kwa ajili ya usingizi ulionipa. Mwite mwenyewe."

Niliyelipa mahari kwa chuma nimepewa ng'ombe na mama mkwe, tena yule ambaye kwa ajili yake nilimnyima dawa. Nilisema asante nyingi mpaka Muhangi akaniambia inatosha.

Lakini jioni sikumwita. Walikuwepo majirani, na vijana wa malishoni, na mimi mtu wa migomba nisimame nipaze sauti "Kyozi!" kama mchungaji? Nilimfanyia Muhangi ishara, akamwingiza kwa fimbo.

"Wametimia?" mama aliuliza.

"Wameingia, Mama."



Alhamisi 13 Mei

Daktari amerudi. Alidhani nachoma sindano. Nilipomwonyesha ganda alilinusa, akalipindua, akauliza nani kanifundisha. Nikasema kahawa. Amelifunga moja ndani ya leso, akaniachia kichupa kingine, akaniagiza nimwandikie barua nieleze kila hatua. Nimeandika kurasa tatu. Habari ya kupunguza dawa nimeitia pia, ingawa mkono haukutaka.

Jumatatu 17 Mei

Nane, pole pole. "Uko wapi?" "Njiani." Kyozi nje na ndama wake, fimbo ya Muhangi.

Jumanne 18 Mei

Komujuni ameniambia jikoni, bila kuinua macho: "Kila jioni akimaliza Kiroko anatega sikio. Hamngoji Kyozi. Anakungoja wewe."

Jumamosi 22 Mei

Mvua ilikatika alasiri, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mwanga ulikuwa wa manjano, majani yote yanadondosha maji, na moshi wa zizini ulisimama wima bila kutikisika. Ng'ombe walirudi kana kwamba wanatembea ndani ya maji.

Nilikaa kwenye kigoda. "Mama, uko wapi?"

"Karibu."

Bihogo. Aliita kwa kunong'ona, na ng'ombe alisikia, sijui vipi. Gaju. Kitare. Alipumzika. Siina. Mayenje. Alipumzika tena, nami nikashika matete kwa mikono miwili. Kyasha. Rugondo. Muda mrefu kabisa. Nikafikiri, ndiyo hapo. Kisha, Kiroko.

Kiroko akaingia. Nje akabaki Kyozi peke yake, na ndama chini ya tumbo lake, wanatazama mlango. Muhangi aliinua fimbo, akanitazama, akaishusha. Majirani walikuwepo. Vijana walikuwepo. Nyuma ya matete hapakuwa na sauti, hata ya pumzi.

Nikasimama. "Kyozi!"

Sauti ilipasuka kama ya mvulana anayebalehe, kijana mmoja akacheka. Kyozi hakusogea. Nikaita tena, kwa kumvuta jina kama anavyovuta mama: "Kyooozi!" Akageuza masikio. Akaja. Alinipita karibu mpaka nikasikia joto lake, akaingia, akasimama mahali pake, na ndama akamfuata akijikwaa.

Nyuma ya matete mama mkwe alicheka. Miaka sita, sikuwahi kumsikia akicheka. Ni kicheko cha Komujuni kabisa.

"Wametimia," alisema.

Komujuni akampa ganda, akaliweka shavuni mwenyewe.

Jumatatu 24 Mei

Amefariki alfajiri, usingizini.

Komujuni alikuja mlangoni. Macho makavu bado. "Ganda limo shavuni. Nilitoe?"

Nikasema, "Liache. Kwetu mgeni haondoki bila kahawa mdomoni."

Ndipo akalia.

Jumatano 26 Mei

Tumemzika kwenye kilima juu ya malisho. Uso wake sikuuona, hata leo. Nilisimama nyuma ya wanaume, nimegeuka kama inavyopasa.

Alhamisi 3 Juni

Mvua imekwisha. Vumbi la kwanza barabarani. Muhangi ameondoka asubuhi na ng'ombe wanane, akiwa juu ya baiskeli. Ukuta wa matete ameniuliza kama aubomoe, nimemkataza.

Jioni niliwasha moto zizini. Nilikwaruzika mikono, moshi ukaniingia machoni, Komujuni akasimama mlangoni. Kisha nikasimama pale panapostahili, nikaita: Bihogo. Gaju. Kitare. Siina. Mayenje. Kyasha. Rugondo. Kiroko. Sikuruka hata mmoja, na baada ya kila jina nilingoja kidogo, kama alivyokuwa anangoja.

Nikamwita Kyozi, akaja na ndama wake.